Bango Lililosimama Mahali Pangu

Gesima, Kisii
9 Machi, 1976

Kwa Mwenyekiti Ombui,
Chama cha Amka Mkulima

Ndugu Mwenyekiti,

Kuna jambo nimelificha tangu bango la chama liliposimikwa uani kwangu, na kwa kuwa pumzi zangu sasa zinafika kifuani tu na kugeuka, nimeona niliandike kabla sijaitwa marehemu. Nitalifikia. Kwanza niruhusu nilalamike, maana mtu akifa bila kulalamika watu hudhani aliridhika.

Mimi ndimi niliyekufundisha kusoma. Ulikuwa mtoto mwenye adabu, ila ukiulizwa swali la kwanza ulijibu la tatu. Naona ndivyo unavyoongoza chama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyasani, mtoto wa marehemu ndugu yangu na katibu wako, alirudi kutoka semina ya Nairobi akiwa na tai shingoni, akatutangazia kwamba chama kisicho na Dhamira, Dira na Maadili ni kundi la watu tu. Ni kweli, tulikuwa kundi la watu. Tulichuma chai, tukaipeleka, tukarudi nyumbani kula. Hatukujua kwamba tumepotea. Kwa elimu yangu ndogo, dira ni chombo cha nahodha asiyeiona nchi kavu. Toka hapa hadi kituo cha chai njia ni moja, na hata ng'ombe wa jirani yangu Eucabeth huifuata bila semina.

2. Simiti tuliyoichanga ilikuwa ya daraja la kijito. Kamati ikakaa siku nzima, ikajiuliza daraja lisilo na dira litatupeleka wapi, ikaamua kuanza na bango la Dhamira, Dira na Maadili. Sasa bango lina nguzo mbili ambazo zingeweza kubeba lori, na mtu mwenye akili hujiuliza kwa nini maneno matatu yahitaji simiti yote ile. Kijitoni bado kuna gogo. Mwezi uliopita Eucabeth aliteleza pale na kikapu mgongoni, akatoka na goti lililochubuka, majani yakaenda na maji. Alipokuja kwenu kulia, mlimwonyesha neno KUJALI lililoandikwa bangoni kwa rangi ya kijani. Akawauliza, "Sasa nivukie juu ya hilo neno?" Mliandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba mwanachama huyu hajaielewa dira.

3. Hamkutosheka na dhamira ya chama, mkaamuru kila mwanachama awe na yake na aisome mkutanoni. Eucabeth alisimama akasema, "Yangu ni kumaliza kuchuma kabla mvua haijanyesha." Watu walimpigia makofi. Nyasani akasema hiyo ni kazi, si dhamira, akamwandikia nyingine: "Kuwa mwanga wa maendeleo kwa taifa changa." Juzi mvua ilimkuta shambani akijaribu kuikariri.

4. Mimi sikuweza kufika mkutanoni kwa sababu ya kifua, kwa hiyo kamati ilimtuma Nyasani kitandani kwangu. Alikaa, akafungua kalamu, akaniuliza kama mwana anavyomwuliza baba yake, "Tata, unajiona wapi baada ya miaka kumi?" Nilimjibu kwa uaminifu kama mwanachama mwema: upande wa kulia wa mlango wangu, chini. Hakuna mtu wa hapa asiyejua kwamba mwanamume huzikwa kulia mwa nyumba yake na mkewe kushoto. Kijana akaanza kuandika, kisha akatazama dirishani, akaacha. Bango liko palepale.

Fikiria jambo hili, Mwenyekiti. Katika chama kizima ni mimi peke yangu mwenye dira iliyo wazi, isiyohitaji mfadhili, ambayo hakika itatimia. Na juu yake ndipo chama changu kilipokanyaga. Aliyechagua mahali pale alikuwa na akili ya kuku.

5. Mlipoona tatizo, hamkung'oa bango. Mliazimia nizikwe kushoto. Nyasani alileta habari hiyo akiangalia viatu vyake: "Tata, wanasema kulia na kushoto ni mambo ya zamani, sisi tunaangalia mbele." Mke wangu Kemuma alikuwa akimenya ndizi pale mlangoni. Hakuinua hata kichwa. Alisema, "Huyu mzee amelala upande wangu wa kitanda tangu tuoane. Sasa kamati inampa na kaburi langu? Mimi mtaniweka wapi, kwenye kijito?" Kisha akanyoosha kisu kuelekea kwenye bango, akamwomba Nyasani amsomee neno linaloelezea hilo. Nyasani akasoma: "HESHIMA." Kemuma akarudia ndizi zake.

6. Kwa hiyo naomba bango lihamishwe kabla ya mvua za Aprili, lipelekwe uani kwako, upande wa kulia. Wewe ni mzima, hupahitaji kwa sasa, na kila asubuhi utafungua mlango ukutane na Dira uso kwa uso.

7. Kama hilo haliwezekani, naomba kamati ipitishe azimio la kunikataza kufa mpaka daraja likamilike. Kwa mwendo wenu nitawazika ninyi nyote, na nitaisoma dhamira ya kila mmoja kaburini kwake, polepole, kwa sauti ya darasani.

8. Na kama hata azimio ni gumu, basi niandikeni katika Maadili. Chini ya HESHIMA pana nafasi. Andikeni NYANGAU, kwa rangi ya kijani, ili wapita njia wajue kwamba chama kilisimama juu ya mtu.

Nisalimie mama yako, mwambie dawa yake ya kifua ni chungu lakini nainywa. Salamu kwa kamati nzima, kwa karani wa mzani, kwa Eucabeth na goti lake, na kwa tai ya Nyasani.

Ni mimi mwalimu wako, ambaye bado napumua,

Nyangau

Tanbihi: Nilisema nitalifikia. Barua hii usiisome mbele ya kamati, na bango msiling'oe. Siku ile vijana walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo ya nguzo kando ya barabara, mahali pazuri, na mifuko ya simiti ya daraja hawakuigusa ila miwili. Ni mimi niliyetoka na fimbo nikawaambia wayafukie, nikawaleta hapa uani. Nyasani alishtuka: "Tata, si hapa ni pako?" Nikamwambia achimbe, aende chini sana, na simiti aimimine yote. Tangu siku hiyo kijana amebeba lawama zenu na zangu, na hajanitaja hata kwa Kemuma, mama yake mkubwa. Nilikuwa nimerudi kutoka hospitali jana yake, na daktari alikuwa ameniambia. Niliogopa, Ombui. Nilitaka pasibaki mahali pa kunichimbia.