Mtamba wa Cheti cha Kijani

Joram alikuwa akinywa chai Bomet redio iliposema kila nyumba ya kupokea watalii sharti iwe na cheti cha kutunza mazingira. Nani atakitoa, hawakusema. Wakubwa wetu ndivyo walivyo: hutangaza sheria, kisha wanakwenda semina kulishwa kuku. Joram hakungoja semina iishe. Alichapisha cheti kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, akachonga muhuri wa jani la chai, akashika barabara ya Longisa, ile ambayo ambulensi huiogopa lakini magari ya kampeni huijua.

Chemutai, mjane, alikuwa na vibanda viwili vya wageni katikati ya mashamba ya chai huko Longisa. Joram alijitambulisha kuwa ofisa wa mazingira, akaanza kwa kupima joto la choo.

“Jogoo wako anazidisha kelele, mama.”

“Nimwambie anong'one?”

“Awike mara mbili kwa siku. Na hawa kuku, wana vitambulisho?”

“Hata mimi changu bado nangoja, ofisa.”

“Makosa kumi na moja! Na huyo mtamba mwenye mimba ndiye mbaya zaidi. Anajamba, hewa inaharibika. Nipe nimwondoe, cheti nakupa sasa hivi.”

Chemutai akawaita majirani, mzee Kipngeno na mzee Weldon.

“Nampa ofisa mtamba kwa desturi yetu sisi Wakipsigis. Wewe ni shahidi, na wewe.”

“Utalii wa kisasa unaheshimu desturi,” Joram akasema. Hakuuliza ni desturi gani. Aliandika maneno hayo hayo kwenye karatasi, akaigonga muhuri, akawaachia, kisha akamswaga mtamba hadi kwake Bomet.

Miezi minne alikata majani ya napia alfajiri, akajenga zizi, akamkanda mtamba mgongo. Mkewe Wangeci alinuna: yeye hajawahi kukandwa.

Ndama alizaliwa Jumatatu. Jumanne Chemutai na wazee wake walikuwa langoni.

“Asante kwa kutulishia, ofisa. Tumekuja kuwachukua.”

“Si ulinipa!”

“Nilikupa umtunze. Kwetu ng'ombe hukaa kwa rafiki, yeye akanywa maziwa, lakini ng'ombe na uzao ni wa mwenyewe. Akitaka, anawarudia.”

“Maziwa yenyewe sijaonja!”

Kipngeno akakunjua karatasi yenye muhuri. “Tukasomewe na polisi? Watataka kujua wewe ni ofisa wa wapi.”

Joram akafungua zizi mwenyewe. Na kwa kuwa ndama wa siku moja hafiki Longisa kwa miguu, alimbeba mabegani, akikojolewa kila kilima.

Kule vibandani Wazungu wawili walimpiga picha.

“Huyu ni nani?”

“Mtu wa serikali,” Chemutai akajibu. “Leo tumempata akifanya kazi.”