Jinsi ya Kuhesabu Ndege Bila Kumwona Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni. Ikolo.
Nimejiandikisha! Mwalimu Godwin ameanzisha shindano: nani ataona aina nyingi zaidi za ndege na wadudu mpaka Jumamosi. Zawadi ni darubini. Darubini ya kweli, yenye mkanda wa shingoni! Tangu usichana wangu nawatazama ndege kwa kukunja macho kama bibi anayetafuta tundu la sindano. Naitaka kuliko kitu chochote, hata kuliko bati la jikoni, Mungu anisamehe. Tuko washindani kumi na mmoja. Tisa watachoka kesho. Wa kumi ni mimi. Wa kumi na moja ni baba mkwe.

Jumanne, 3 Juni.
Balaa. Bonde lenye ndege ni moja tu, pale kwenye matete nyuma ya mashamba ya mpunga. Na sisi Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe wake. Hamsemeshi, jina lake halitaji (hata humu siliandiki), akimsikia njiani anapisha. Leo nimepisha mara nne. Nilikuwa nimemkazia macho mdiria mmoja wa bluu, kalamu mkononi. Mara kikohozi! Chake! Nikajitupa kwenye matete. Mdiria huyoo. Nimekaa matopeni saa nzima nikiumwa na mbu. Mbu nimemwandika, namba saba. Mzee alibaki pale pale akiguna kwa raha. Mume wangu Asajile amecheka mpaka akamwaga chai. Sijaona cha kuchekesha.

Jumatano, 4 Juni.
Nimepata akili wakati napalilia kakao. Mila inatufunga sote wawili! Na yeye akijua niko mahali, lazima ageuze. Basi nikiwa kila mahali, yeye hatakuwa popote. Nina kanga za njano, doti mbili, nilinunua kwa Naila pale Kyela mjini, na Ikolo nzima inajua ni zangu. Njia za kuingia bondeni ni tatu. Nimetundika kipande kimoja kimoja kwenye fito, kimo changu, kamba kiunoni. Ukitazama kwa mbali ni mimi Tusajigwe mtupu.

Alhamisi, 5 Juni.
Amenasa! Alifika njia ya kwanza, akakohoa, akageuza. Ya pili, akageuza. Ya tatu nilimsikia akisema peke yake kwamba mkamwana huyu ana miguu ya ajabu. Akarudi kwake. Bonde zima langu! Nimekaa mpaka saa nane mchana. Ndege: hakuna. Wadudu: panzi mmoja, tena mgonjwa.

Ijumaa, 6 Juni.
Ndege hakuna tena. Hata yangeyange, ambao kila siku wanatembea pale kama wenye shamba. Jirani yetu Anyisile alipita na mundu wake akanishukuru sana. Ndaga fijo, mama, tangu utundike hizi kanga zinazopepea, ndege wote wameukimbia mpunga wangu. Akaniomba niongeze mbili upande wa mto. Nilikaa chini kwenye tuta nikalia. Kanga nimezitoa zote, lakini ndege nao wana kinyongo.

Jumapili, 8 Juni.
Matokeo yametangazwa baada ya ibada. Mimi: aina kumi na tisa, mbu akiwemo. Baba mkwe: arobaini! Mwalimu Godwin alieleza kwamba mzee alipokosa njia ya bondeni alikaa kwake kwenye migomba, na ndege wa bonde zima wakahamia huko huko. Yaani nimemfukuzia mimi mwenyewe! Niliyasikia hayo nikiwa nje, nyuma ya ukuta, maana mshindi alikuwa ndani. Makofi yalinichoma moyo.

Jioni Asajile akaja na mfuko. Darubini! Baba yake amesema yeye ndege anawajua kwa sauti, kioo hakihitaji. Apewe mkamwana, awaone watu wakija toka mbali, apishe mapema, asiumie tena kwenye matete. Nimelia mara ya pili wiki hii, safari hii kwa furaha. Mzee mwema kabisa! Sitamfanyia hila tena maisha yangu yote. Naapa.

Jumatano, 11 Juni.
Mwalimu Godwin ametangaza duru ya pili. Zawadi ni mabuti ya mvua. Asubuhi nimekwenda bondeni na darubini. Kwazi juu ya mti, nimemwona mpaka kucha! Keremkerem sita. Kerengende mwekundu juu ya ua la yungiyungi. Halafu, ng'ambo ya mfereji mwembamba, baba mkwe amekaa, amenipa mgongo, daftari gotini. Nikageuka upesi. Kisha nikafikiri. Mila inakataza uso. Kuhusu daftari sijawahi kusikia neno. Nikajipenyeza kwenye matete, nikailenga darubini juu ya bega lake.

Anaandika herufi kubwa kubwa, Mungu ambariki. Nimenakili kumi na mbili bila kosa. Ya kumi na tatu imeandikwa hivi: Mkamwana, kwenye matete nyuma yangu, anapumua kwa nguvu.

Amenihesabu! Mimi, pamoja na wadudu! Huo ni udanganyifu, na katika mashindano kitu nisichokivumilia ni udanganyifu. Nimekasirika sana. Hata hivyo nimeinakili na hiyo. Kumi na tatu ni kumi na tatu.