Grafike ya Lava Iliyopoa

Jumatatu, 18 Februari 2002
Mwezi umepita tangu volkano ya Nyiragongo iteremke mjini na kuimeza shule yetu. Muzee Birindwa, prefe wetu, yaani mkuu wa shule, anataka kujenga darasa la mbao juu ya lava hiyo hiyo. Swali lake: itapoa lini? Atakayejibu vizuri atakuwa mkuu wa masomo. Nikanyanyua mkono kabla ya Charline, mwalimu wa hesabu. Fizikia ni yangu! Naye pia kaambiwa apime. Masikini.

Jumatano, 20 Februari
Nina vipimo kumi na viwili kutoka kwenye nyufa. Fujo tupu! Kimoja ni digrii 21: mvua ilinyesha na termometa ilikuwa imelala juu ya jiwe. Nimekifuta. Halali kabisa, ile ni mvua, si lava. Kingine ni 140, kwenye ufa ambapo Mama Kahambu anachemshia mahindi. Ufa unaoivisha mahindi si ufa wa kawaida. Nimefuta. Raha iliyoje!

Alhamisi, 21 Februari
Askari wa rebelyo, wale waasi wanaotawala mji, kanikuta naandika. Akadai pointi za grafike yangu ni kambi za jeshi. Nikaapa ni moto wa chini tu, chef. Akachana ukurasa mzima, akanifukuza. Nilikimbia mpaka nyumbani. Kufungua daftari: zimeondoka namba nne, zote mbaya! Mungu anapenda sayansi.

Ijumaa, 22 Februari
Zilibaki sita. Nne kati yake zinapanda. Lava inayopoa itapandaje? Uongo! Nimezifuta. Sasa mstari wangu unapita juu ya pointi zote mbili bila kukosa hata unywele, na unafika digrii 25 Jumatano ijayo. Charline kasema mstari wowote hupita kwenye pointi mbili. Yeye kaondoa ile ya mvua peke yake, nyingine kaziacha zote, kila moja na maelezo pembeni. Eti lava itapoa mwezi wa nane! Wivu. Wazazi wamechoka kungoja, Muzee kachagua Jumatano. Yangu!

Jumatano, 27 Februari
Ufunguzi! Padri, wazazi, viti vya plastiki. Nikapigiwa makofi. Padri hajamaliza kubariki, kiti cha Muzee kikaanza kuinama. Miguu ya kiti inayeyuka! Sakafu ikatoa moshi. Mama Nyiransengimana, kiongozi wa wazazi, akapaza sauti: "Mwalimu, hii ni masomo ao ni mbabula ya makaa?" Watu wakatoka mbio, soli zikabaki kwenye mawe. Hakuna aliyeungua: Charline alikuwa amewazuia watoto wote barabarani tangu asubuhi, na ndoo kumi za maji zilikuwa tayari. Kumbe na yeye alijiandaa kwa sherehe yangu.

Jumatatu, 4 Machi
Charline ndiye mkuu wa masomo. Tutafundishia mtaa wa Himbi, chini ya mahema, mpaka mwezi wa nane. Muzee kaniita ofisini, hakunipa kiti. Kila siku nitapanda lava, mimi peke yangu, nipime kila ufa, na nisifute kitu. Yaani ananiamini hivyo! Mtaa mzima unaniita Bwana Lava.
Nimechunguza kosa langu kwa utulivu. Nimelipata. Pointi mbili zilikuwa nyingi mno: zinaulazimisha mstari. Ukibakisha moja, unaupeleka unakotaka.
Nimeshaichagua.