Fundi wa Ski wa Ladywood

Jumapili, 4 Februari 1979

Leo nimedanganya kidogo. Kidogo tu.

Ilikuwa chai ya Wakenya tulio huku kwa Waingereza, hosteli ya wauguzi, Edgbaston. Dada Peninah, mwenyekiti wetu, akatangaza kwamba daktari mmoja aliyestaafu amewaachia wauguzi ski zake, jozi nne. Ni vile vibao virefu ambavyo Wazungu hujifunga miguuni wakateleza juu ya theluji. Theluji yenyewe mwaka huu imekatalia, haiondoki. Basi Jumapili ya tarehe kumi na nane twende vilima vya Lickey, huko mbele ya Northfield, tukajaribu. Lakini ski hoi! Kingo za chuma zimeshika kutu. Chini zimechimbika mashimo. Dada Peninah akauliza nani anaweza kuzitengeneza.

Fanuel akakohoa. Namjua Fanuel. Anasoma uhandisi chuo kikuu, na kila kikohozi chake ni utangulizi wa hotuba. Nikamwahi. Nikasema mimi nimekulia kwenye theluji. Nikataja Mlima Kenya.

Mimi ni mtu wa Kisii. Mlima Kenya nimeuona ukutani, darasa la jiografia. Lakini Kemunto alinigeukia! Kemunto, muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye tangu Krismasi namtafutia neno la kuanzia. Akasema yeye anaogopa, na siku hiyo atamshika mkono yule tu aliyetengeneza ski zake, maana ndiye anayejua ubovu wa hizo ski. Mkono! Mbele ya watu! Nikishaushika siuachii mpaka nimweleze nia yangu ya ndoa.

Nimebeba jozi zote nne kwenye basi hadi chumbani kwangu, Ladywood. Nimemvua mama mmoja kofia bila kukusudia. Alisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jumanne, 6 Februari

Mgomo. Chumba cha kufulia nguo cha hospitali, ninakofanya kazi, kimefungwa, na taka zimerundikana hadi kwenye mlango wetu. Nafasi nzuri ya kushughulikia ski.

Nilianzia kwa mzee Shantilal. Alikuwa na duka la vyuma Kisumu, sasa analo hapa, na tabia ni ile ile: hajawahi kumwambia mteja kwamba kitu hana. Nikaulizia vifaa vya ski. Hakupepesa jicho. Akatoa tupa ndefu, akasema hii ndiyo hasa tupa ya ski. Nikamwambia mzee, hii ni ya kunolea panga. Akasema panga na ski ni mtu na binamu yake. Jiliwa la kubana ski hana, lakini droo ya kabati ukiisukuma kwa goti, akasema, inabana kuliko jiliwa. Nikaulizia nta ya kupaka chini. Akaleta mishumaa midogo ya keki. Nimerudi na tupa, msasa na mishumaa.

Fanuel angeweza kuniambia vifaa vinavyotakiwa. Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza Fanuel ni ujinga.

Droo haibani. Goti limevimba.

Alhamisi, 8 Februari

Ushindi! Mashimo yamezibika yote.

Kwetu beseni likitoboka hakuna anayelitupa. Unapasha kisu moto, unayeyusha kipande cha plastiki juu ya tundu, kwisha. Sasa ski ina nini cha ajabu? Nilichokosa ni plastiki tu. Jikoni kulikuwa na beseni la bluu la Rajniben, mama mwenye nyumba wangu, Mgujarati wa Jinja. Beseni limekaa tu, halina kazi. Nikakata ukingo kidogo. Halafu kidogo tena. Sasa lile beseni ni sahani.

Moshi ulikuwa mwingi. Rajniben akagonga mlango, akauliza naungua au napika. Nikasema napika. Akauliza chakula gani hicho. Nikasema cha Kisii. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Nimesawazisha kwa tupa ya panga na kumalizia kwa msasa. Ukipitisha kiganja huhisi shimo. Ski nyeusi zenye madoa ya bluu! Nimezisimamisha ukutani nikazitazama mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 12 Februari

Fanuel amekuja. Na mfuko.

Ameazima vifaa kwa wenzake wa chuo kikuu wanaocheza ski. Kipande cha nta maalumu ya siku za baridi kali. Kizibo cha kusugulia. Kipande bapa cha plastiki cha kukwangulia nta ikizidi. Akaeleza bila kuulizwa kwamba nta huyeyushwa kwa pasi kuukuu, na pasi hiyo isirudi tena kwenye nguo. Akasema nikikwama nimwite. Upole huo! Mtu mpole kiasi hicho ana lake jambo. Halafu, kama anayetania, akauliza Kemunto atavaa zipi. Ahaa!

Mfuko nimeusukumia chini ya kitanda. Nta ya Fanuel haitagusa ski ya Kemunto nikiwa hai.

Lakini amenizindua. Mkono wa Kemunto hautashikika vizuri Fanuel akiwa pembeni anatoa maelezo. Basi asiwepo pembeni. Ski za Kemunto nitazikwaruza kwa msasa na kuziacha kavu, zisiende popote. Atabaki palepale nilipo. Za Fanuel, zile ndefu kuliko zote, zitateleza kiasi kwamba atakula chakula cha mchana mji wa pili, Worcester.

Nta gani iteleze hivyo? Nikakumbuka bweni letu. Polishi nyekundu ya sakafu! Kila Ijumaa tuliipaka kwenye saruji, tukaisugua kwa blanketi kuukuu. Mkaguzi wa shule aliwahi kuingia mlango wa mbele na mkoba wake, akatokea wa nyuma bila kupiga hatua. Mzee Shantilal anayo, maana mabibi wa Kiingereza wa mtaa huu huipaka vizingiti vyao. Nimenunua kopo kubwa. Akasema ndiyo hasa polishi ya ski.

Ijumaa, 16 Februari

Msiba.

Nilipaka polishi ski za Fanuel, nikapitisha pasi juu ili ziinywe vizuri. Pasi ni ya Rajniben. Mwenyewe alikuwa kazini. Baadaye nikaifuta. Nadhani niliifuta. Jioni akapiga pasi sari yake nyeupe ya kwendea hekaluni.

Ukelele ule! Nilidhani wezi. Akanisogezea sari puani, nyayo nyekundu za pasi kutoka upindo hadi upindo, akauliza kama hiki nacho ni chakula cha Kisii. Halafu akauliza beseni lake liko wapi. Nikamweleza ukweli, kwamba yote haya nayafanya kwa mapenzi. Akasema marehemu mumewe alikuwa na mapenzi miaka yote na hakuwahi kugusa pasi.

Nitalipa sari, nitalipa beseni, na jikoni nimepigwa marufuku. Naandika nikitafuna mkate mkavu. Ila ski za Fanuel zinang'aa ajabu.

Jumamosi, 17 Februari

Sabato. Kazi hairuhusiwi.

Mahubiri yalihusu wivu. Nilimkazia macho Fanuel muda wote ili ajue ni yeye anayesemwa. Yeye na Kemunto waliimba kwenye kitabu kimoja cha nyimbo. Uhaba wa vitabu kanisani kwetu ni jambo ambalo wazee lazima waliangalie.

Mungu asifiwe, jua la hapa huzama mapema. Lilipozama tu nikaongeza polishi mkono wa pili.

Jumapili, 18 Februari

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu ni hii.

Kilimani theluji ilikuwa safi, watoto wakiteleza kwa masinia ya chai. Nikagawa ski. Kemunto akafunga mikanda, akajaribu kusukuma. Hazikusogea hata inchi. Akafurahi! Akasema hakika huyu ni fundi, anajisikia salama kabisa. Akanyoosha mkono. Mkono wenyewe, ndani ya glovu ya sufu ya njano! Nikaushika. Nikafungua mdomo.

Ndipo Fanuel akaja, ski begani. Akasema kwa adabu kwamba zake zimeng'aa mno, na si haki mwanafunzi kama yeye avae bora kuliko bingwa wa Mlima Kenya. Tubadilishane. Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa tena. Dada Peninah akasema ubishi wa nini, kwani hata nyumbani mpishi si huonja kwanza? Wote wakaitikia. Kemunto akauachia mkono wangu ili apige makofi.

Ningefanyaje? Nikazifunga. Sikusukuma. Haki ya Mungu sikusukuma! Nilivuta pumzi tu, zikaondoka.

Nilipita watoto. Nilipita masinia. Nilipita mbwa aliyekuwa akinifukuza, akakata tamaa akakaa chini. Namna ya kusimama hakuna mtu aliyewahi kunifundisha, na Mlima Kenya haukuwa na msaada wowote. Katikati ya kilima nikageuka nyuma mbele. Kichaka cha miiba kikanipokea kwa makalio.

Nikasikia mayowe huko juu. Damu! Damu! Kumbe kutoka kileleni hadi kichakani theluji yote imechorwa michirizi miwili myekundu. Wauguzi ni wauguzi. Walishuka wote, wengine kwa miguu, wengine wakiteleza kwa makoti yao. Kemunto alizivua zile ski zisizokwenda, akawatangulia wote. Akapiga magoti, akanishika mkono, kidole kwenye mshipa. Analia! Machozi ya kweli, yanadondoka kwenye shavu langu.

Mtu mwaminifu angesema ni polishi. Mimi nikafumba macho na kuguna.

Basi akasema. Akasema Cleopas ndugu yangu, usife. Akasema yeye na Fanuel walikusudia kuniambia leo hii, juu ya kilima, kwamba wanaoana mwezi wa nane. Yeye hana kaka huku ugenini, na wameshakubaliana kwamba mimi ndiye nitakayemsindikiza kanisani kama kaka yake. Wangemwomba nani mwingine, akasema, kama si mimi niliyemtengenezea ski kwa moyo wote?

Nikafumbua macho. Nikalia na mimi. Akadhani ni maumivu, na kweli yalikuwa maumivu. Iliniuma kuliko miiba.

Dada Peninah alikuwa ameinama anatafuta kidonda. Akanusa. Akanusa tena. Akasema hii ni polishi ya sakafu. Ameisugua bwenini miaka minne, haiwezi kumdanganya. Halafu kicheko! Hata watu wasiotujua walicheka. Fanuel peke yake hakucheka. Aliziangalia zile ski ndefu, zilizokuwa ziwe zake. Akaniangalia mimi. Kisha akaninyanyua, akanibeba mgongoni hadi kituo cha basi. Upole huo!

Njiani Dada Peninah akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatano, 21 Februari

Bado nakula nimesimama. Rajniben amenipa mto wa kukalia, mwekundu. Anadhani inachekesha.

Kemunto alikuja na dawa ya kupaka na machungwa. Akaniuliza tena, sasa nikiwa mzima: je, nitakuwa kaka yake? Nimesema ndiyo. Alipoondoka nilisimama dirishani mpaka basi lake likakata kona. Nimempenda yule msichana jamani, na sina wa kumwambia ila daftari hili.

Kisha nikafikiri. Ufundi wangu hauna kasoro. Viraka vile vya bluu havikubanduka hata kimoja. Kasi kila mtu aliiona. Kosa lilikuwa rangi tu.

Jioni Fanuel amepita kunijulia hali. Nikamwita shemeji. Nikamwambia kwetu kaka wa bibi harusi hakosi zawadi, na yangu itakuwa kazi ya mikono yangu: aniletee viatu vyake vya harusi nivishughulikie, juu na chini. Hasa chini. Alinitazama kidogo, halafu akashukuru kwa upole. Ni vya ngozi, vyeusi.

Kanisa lina vigae kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Nimepita kwa mzee Shantilal kuulizia kama polishi ile ipo nyeusi. Akasema ipo, na ndiyo hasa polishi ya harusi.