Hotuba ya Kukabidhi Visikizi Visivyo na Waya

(Ukumbi wa ushirika wa wafanyabiashara wa mpakani wa Tuvuke Pamoja, Gisenyi, upande wa Rwanda unaopakana na Goma, saa tatu asubuhi. Anayesema ni Munyaneza Siméon, mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu. Jua limeshakuwa kali, lakini amevaa kofia ya sufu iliyoshuka hadi chini ya masikio.)

Mheshimiwa Mimi, kwa kuwa itifaki inataka mtu aanze na mkubwa aliyepo. Mama Verediane, mlezi wa ufunguo wa ukumbi huu na wa makufuli yake mawili. Waheshimiwa wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, waheshimiwa wauza karoti, waheshimiwa wauza vitunguu wa upande wa kushoto na wale wa upande wa kulia ambao najua hamsalimiani. Ndugu zetu mliovuka kutoka Goma asubuhi hii. Wawakilishi wa Mahoko, wawakilishi wa Nyakiriba, na mwakilishi wa wawakilishi. Na nyinyi mliosimama madirishani kwa sababu viti vimekaliwa na wajumbe wa kamati pamoja na makoti yao: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi ya watu watatu, wote wa kamati.)

Mnaona sina karatasi. Katibu wangu Régis yuko chumba cha nyuma akishughulikia nyaraka, maana nyaraka ni kazi ya makatibu, ilhali kiongozi wa kweli husema kutoka moyoni. Mimi nilikulia Karagwe, kule Tanzania, nikakinywa Kiswahili kikiwa bado cha moto, na ingawa wengi wenu mmekuja na kile cha Goma na Bukavu, simlaumu mtu, nitawasemesha polepole, bila kusoma, mkato, kwa ufasaha mkubwa. Nukta. (Watu wanatazamana. Mheshimiwa anabonyeza kofia kwenye sikio la kulia.) Nimesema nukta ili mjue kwamba jambo hili halina mjadala.

Ndugu wadau, tangu mwezi wa tatu kamati yangu imekuwa ikitekeleza Mradi Shirikishi wa Tathmini Jumuishi ya Visikizi vya Bei Nafuu Visivyo na Waya Kikweli kwa Matumizi ya Kila Siku, mradi ambao ufupisho wa jina lake bado unajadiliwa na kamati ndogo. Nazungumzia vile vidude viwili vya kuchomeka masikioni, vinavyoongea na simu kwa blututhi, ambavyo vijana wa mjini wanatembea navyo wakicheka peke yao barabarani. Na kwa nini tulianzisha mradi huu? Kwa sababu mwanamke wa mpakani ana mikono miwili, na takwimu zetu zinaonyesha kwamba idadi hiyo haijaongezeka kwa miaka mingi. Mikono yote miwili imeshika beseni kichwani. Simu inalia kwenye mfuko wa sketi. Mteja wa Goma anataka kusema leo samaki wapelekwe wapi. Nani ataipokea simu hiyo, ndugu zangu? Nauliza kimkakati, msijibu.

(Anajibu Mama Cansilde, muuza sambaza, kutoka safu ya mbele. Beseni lake liko miguuni, limefunikwa kitambaa kibichi.)

("Mheshimiwa, mi nilikuwa naipokea. Nilikuwa na écouteur yangu ya waya, ile nilifungia uzi ya kijani, simu inajipokea yenyewe. Mwezi ya tatu mulisema kila mutu alete ya waya ndiyo apewe ya bila waya. Mi nikaleta. Sasa simu inalia, mikono iko juu, Mama Belise wa Goma anachoka kungoja, ananunua kwa Liliane. Wiki tatu sasa. Mi siombi ya kisasa. Munirudishie tu ile waya yangu.")

Asante, Mama Cansilde, kwa fidibeki hiyo chanya. (Kicheko dirishani.) Ni kweli tulikusanya waya. Tulikusanya sitini na moja, kwa gunia, na nataka historia iandike kwamba sitini kati yake zilikuwa zimekufa sikio moja au yote mawili, na moja tu, ya uzi wa kijani, ilikuwa ikisikika vizuri pande zote. Waya hiyo imehifadhiwa mahali pa juu kabisa. (Anavuta kofia chini.) Hakuna anayeweza kwenda kwenye kesho akiwa amefungwa na kamba ya jana. Hapa tua, wapige makofi. (Hakuna anayepiga.) Nawaambia nyinyi, hapo ndipo pa kupiga makofi. (Makofi.)

Sasa nije kwenye matokeo, na naomba wale wa Mahoko wanyamaze kwa sababu matokeo haya ni ya kisayansi. Tulitathmini chapa tano: ya njano, nyekundu, nyeupe, nyeusi, na ya madoadoa. Kigezo cha kwanza kilikuwa kukaa sikioni. Dereva wa pikipiki ya kamati, kijana wetu Gad, aliwekewa chapa ya njano katika masikio yote mawili, akaruka mara arobaini mbele ya wajumbe, na haikudondoka, na kwa kweli ilipofika jioni haikutoka hata tulipotaka itoke, mpaka muuguzi mmoja akatusaidia kwa moyo wa uzalendo. Hiyo ni alama mia moja na nne kwa mia. Kigezo cha pili kilikuwa chaji. Tuliacha chapa nyekundu wiki mbili nzima bila kuichaji, na baada ya wiki mbili ilikuwa vilevile kama siku ya kwanza. Niambieni ni kampuni gani duniani imefikia hapo. (Mtu nyuma: "Hakuna.") Hakuna. Mmemsikia.

Kigezo cha tatu, kuzuia kelele, kilifanyiwa kazi sokoni Mahoko, katikati ya mashine za kusaga na watu wanaopatana bei ya viazi, ambapo ujumbe wa watu tisa ulisafiri, ukavaa chapa nyeusi, ukala brosheti za nyama ya mbuzi, na kurudi. Wote tisa waliripoti utulivu mkubwa. Hakuna hata mtumiaji mmoja aliyelalamika kwamba sauti ni mbaya. (Mama Cansilde: "Donc, walisikia sauti?") Hilo ni swali la kitaalamu, mama yangu, litajibiwa kwa maandishi. Kigezo cha nne kilikuwa maji, kwa sababu sambaza wana maji. Tuliloweka chapa ya madoadoa ndani ya beseni kwa siku moja, na nataka niwe mkweli kama ilivyo kawaida yangu: zilivimba kidogo. Zile nyeupe tulizozisahau dirishani kwenye pamba yenye maji zilionyesha dalili za ukuaji, na ukuaji, ndugu wadau, ndilo lengo la ushirika wetu.

(Minong'ono. Mzee mmoja wa Nyakiriba anamuuliza jirani yake, "Bon, kisikizi gani inaota?" Jirani anatikisa kichwa.)

Nasikia minong'ono, na minong'ono ni dalili ya ushiriki. Kwa msingi wa matokeo hayo, kamati yangu inaahidi yafuatayo. Kufikia robo ya mwisho ya mwaka, kila mfanyabiashara atakuwa na masikio mawili yaliyounganishwa. Anayevaa kitambaa cha kichwa atapewa semina ya namna ya kukivaa juu ya kisikizi, na anayepoteza kimoja ndani ya samaki, akakiuza Goma bila kujua, atafidiwa kwa barua ya pole yenye mhuri. Tutajenga pia kituo cha umahiri wa masikio, chenye lifti. Wapo wanaosema tunajisifu. Mimi nauliza, kama sisi hatujisifu, nani ana muda? Katika uongozi wangu vikao vimeongezeka kutoka vinne hadi thelathini na tisa, na mahudhurio ya chai yamefikia kiwango ambacho Mama Verediane mwenyewe alilazimika kuazima vikombe.

(Mama Cansilde amesimama. "Mheshimiwa, nafunga beseni, samaki haiwezi kungoja vikao. Sema jambo moja tu. Hizo vidude munatupa leo, ao hapana?")

Swali zuri, na jibu lake linahitaji salamu kwanza. Nitasema kama tulivyosema kule Karagwe, na nyinyi mtaitikia. Masikio! ("Hoyee," wanasema wa kamati.) Masikio ya bei nafuu! ("Hoyee.") Waya! ("Hoyee," anasema Mama Cansilde peke yake, na ukumbi unacheka.) Waya zii, mama, waya inajibiwa zii.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mama Verediane kwa ukumbi. Nawashukuru wajumbe wa kamati kwa kukubali kubeba mzigo wa posho. Namshukuru kijana Gad kwa masikio yake, tunamwombea apone haraka. Na kwa namna ya pekee namshukuru mkulima Tuyisenge wa Nyakiriba, aliyetupatia yale maharage tuliyoyaweka masikioni badala ya visikizi, hapana, Mheshimiwa, hiyo ruka, nilikwambia nimeizungushia duara, usiseme maharage, usiseme kwamba visikizi vyenyewe hatukuwahi kuagiza hata kimoja, nenda moja kwa moja kwenye chai. (Mheshimiwa anaendelea kutabasamu.) Mheshimiwa, mbona umesema. Acha kurudia ninayosema. Acha. Unanirudia bado. Nyamaza.

(Mama Cansilde anasogea hadi mbele ya Mheshimiwa. Anainua kofia ya sufu kwa vidole viwili. Kutoka sikio la kulia la Mheshimiwa waya inashuka hadi ndani ya koti, na penye shingo waya hiyo imefungwa uzi wa kijani. Mzee wa Nyakiriba anasema, "Ehe, hiyo ndiyo mahali pa juu kabisa." Mama Cansilde anaichomoa taratibu, kwanza sikioni, kisha kwenye simu iliyo mfukoni mwa koti. Simu hiyo sasa inasema kwa sauti ya Régis, ukumbi mzima ukisikia: "Mheshimiwa, uko hapo? Wamegundua? Mi naenda nyumbani?")

(Mama Cansilde anafuta waya kwa ukingo wa kitenge, anaichomeka kwenye simu yake, anatia vipande viwili masikioni na kufunga kitambaa juu yake. Wauza vitunguu wa kushoto na wa kulia wanamtwisha beseni kwa pamoja. Anapofika mlangoni simu inalia. Mikono yote iko juu. Anasimama tu, na sote tunamwona akisikiliza.)

("Allo, Mama Belise. Ndiyo, ni mimi mwenyewe. Hapana, usichukue kwa Liliane. Sema nikuletee ku mulango gani, leo nakusikia muzuri.")

(Ukumbi unamfuata nje, madirisha kwanza. Mheshimiwa amebaki mbele ya viti vya makoti, kofia mkononi, sikio la kulia jekundu kwa joto. Anageuka kutazama chumba cha nyuma, ambako mlango umeachwa wazi na hakuna mtu.)

Nukta.