Ghislain Aliposogeza Ziwa

Ghislain hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu bila ridhaa ya mwenyewe, na Ghislain hakuwahi kuchukua kitu cha mtu kabla mtu huyo hajamshukuru. Lakini mwaka huo mji wake wa Kalemie ulikuwa umemtendea vibaya. Ziwa lilipanda, likameza kiwanja chake namba kumi na mbili pamoja na baa aliyokuwa ameanza kuijenga, na halikuomba ridhaa ya mtu. Kilichombakia ni pikipiki nyekundu aliyoinunua kwa jasho lake. Ndiyo iliyomlisha, na aliipenda kupita kiasi, maana vitu alivyovipata kwa jasho havikuwa vingi.

Jumatatu asubuhi alikuwa ameketi katika ofisi ya Mama Emerance, mchoraji wa ramani za viwanja, akikitazama kiwanja chake kwenye kompyuta. Chote kilikuwa kimefunikwa na rangi ya buluu.

"Mama, hauwezi kufuta hii maji kidogo tu?"

"Haiko mu hii mchoro, Papa. Ziwa iko na fishie yake pembeni. Mchoro inaiita tu. Nikifungua, inaenda kutafuta fishie yenye jina ZIWA, inaileta, inaiweka hapa. Maji ikisogea, nabadilisha ile fishie moja, na mapulani yangu yote inafwata."

"Na hii yenye kuitwa ZIWA YA ZAMANI?"

"Njo ya mbele, kabla maji ipande. Naitunza kwa ukumbusho."

Sehemu ya "mapulani yangu yote" Ghislain hakuisikia vizuri, kwa kuwa alikuwa akiutazama muhuri uliokuwa mezani. Nyuma ya nyumba jenereta ilianza kukohoa, na Mama Emerance akatoka kuiangalia.

Mtu mwingine angekaa akangoja. Ghislain alifunga mchoro, akabadilisha majina ya yale mafaili mawili: ziwa la zamani akaliita ZIWA, na la sasa akaliita la zamani. Akaufungua tena mchoro. Maji yakarudi nyuma hatua mia mbili bila kumlowesha mtu, jambo ambalo kamati tatu, mfungo wa siku saba na magunia ya mchanga vilikuwa vimeshindwa kulifanya. Akachapa nakala, akaipiga muhuri. Mama Emerance aliporudi na mikono ya mafuta alimkuta ameshavaa kofia.

Kesho yake akaja Mama Christiane, muuza dagaa. Kiwanja chake kilikuwa upande wa kusini, namba thelathini na moja, na alitaka karatasi ya kuonyesha kwamba ziwa lilikuwa limekichukua, ili aandikwe kwenye orodha ya waliopatwa na mafuriko. Mama Emerance akafungua mchoro wa kusini. Kiwanja kilikuwa kikavu, kizuri, kinapendeza.

Wanawake wawili wakakitazama.

"Ghala yangu ilizama na paa yake," alisema Mama Christiane.

Mama Emerance akakagua saa na tarehe za mafaili yake. "Jana Papa Ghislain alibakia hapa peke yake."

"Na kiwanja yake, yake parseli, iko wapi?"

"Mu maji."

Mama Christiane alivuta kiti karibu na kompyuta.

"Unitolee karatasi hivi hivi. Na ile ziwa usiiguse mpaka Ijumaa."

Mama Emerance alikuwa mtu mnyoofu, hakuwa amewahi kuchora ukuta usiokuwepo. Lakini kuna mkono ulikuwa umeingia katika ziwa lake, na hilo lilimuuma sana. Akachapa. Kisha akatoka kwenda kuangalia jenereta, ambayo siku hiyo haikuwa na tatizo lolote. Muhuri aliuacha mezani.

Alhamisi Mama Christiane alimkuta Ghislain karibu na gare, kituo cha treni, ameegemea pikipiki.

"Nasikia uko na parseli ya mu mji, Papa. Miye natafuta pa kuanika ndakala, dagaa yangu. Yangu ni kubwa mara mbili, ila iko mbali."

Wakabadilishana karatasi ili kila mmoja aone. Ghislain aliiinua karatasi ya Mama Christiane, akautazama muhuri wake kwenye jua. Alikuwa amechonga mihuri ya uongo ya kutosha kuutambua wa kweli. Na kiwanja kilikuwa kikavu kabisa, tena katika mchoro mwingine, ambao yeye hakuwa ameugusa.

"Tubadilishane basi, Mama."

"Kubwa mara mbili, Papa. Utaongeza nini?" Macho ya Mama Christiane yalikuwa yameshatua kwenye pikipiki.

Ghislain aliushika usukani. Lakini nchi kavu kwa maji, nani angekataa? Mtu mwaminifu angesema, twende kwanza tukaone. Tatizo ni kwamba ukitaka kukiona cha mwenzako, naye atataka kukiona chako.

"Hakuna haja ya kwenda kuona," alisema. "Nakuamini."

"Miye pia nakuamini, Papa. Sana."

Wakaandikiana mbele ya mashahidi wawili. Ghislain alifuta kiti cha pikipiki kwa leso yake, taratibu, kisha akautoa ufunguo.

Jumamosi alikwenda kukiona kiwanja chake, kwa miguu. Barabara iliishia majini, akakodi mtumbwi wa mvuvi mmoja aitwaye Bénit. Alikaa katikati, karatasi magotini, viatu vikimeremeta. Bénit alipiga kasia kwa muda, akaacha.

"Tumefika, Papa."

Ghislain akatazama kushoto, akatazama kulia. "Wapi?"

"Makumi tatu na moja, ya Mama Christiane. Iko chini yetu."

Chini yao ilionekana kona ya paa, ya kijani kwa mwani, na samaki wakiingia na kutoka bila haraka. Ghislain aliwatazama mpaka machozi yakamlengalenga. Alikuwa akiifikiria pikipiki. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwenye kiwanja.

"Sasa ni yangu," alisema.

"Eh! Njo wewe mwenye parseli? Vizuri. Sisi tunategaka nyavu hapa. Unasema nini?"

Ghislain akanyoosha mgongo. "Mutege. Ila kila samaki wa tatu mwenye kupita mu parseli yangu ni wangu."

Bénit akaitazama karatasi, akayatazama maji.

"Hakuna neno, Papa," alisema, akiushikilia mtumbwi usitikisike. "Shuka uwaambie."