Miguu Yangu na Muziki wa Kijijini

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wanawake saba wa kanisa na kuku mmoja aliyepikwa. Nawaandikia ninyi wa kundi letu la simu mapema, kabla hamjaletewa na wengine, maana habari ya Tunduma inafika Nakonde ng'ambo ya mpaka kabla mwenye nayo hajavaa viatu.

Mnisamehe mwandiko. Mimi niliishia darasa la nne, na herufi za simu hii ni ndogo kama mbegu za mchicha.

Nianze na mashine. Mnakijua chumba changu cha mbele, kile alichokuwa akiuzia sukari na sabuni marehemu Mzee Yohana Simwinga, mume wangu. Tangu mwaka juzi nimempangisha binti anaitwa Sekela, mtoto wa Ambakisye wa kule Ruanda ya Mbozi. Ameweka televisheni mbili na mashine za gemu. Watoto wakitoka shule wanajaa humo kama vifaranga. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Makelele! Mara goli, mara bunduki, mara mtu anapiga ukuta wangu kwa ngumi kwa sababu ameshindwa.

Halafu siku moja nilikuwa nachambua maharage sebuleni, ukutani ukapita muziki. Hauna maneno. Ni kinanda kinakwenda polepole, kisha filimbi inaingia kwa nyuma, kama mtu anayebisha hodi huku anaogopa kuamsha mtoto. Nikasimama na ungo mkononi. Nikaenda mpaka mlangoni kwa Sekela.

"Huo ni wimbo wa kanisa gani?"

"Bibi, hiyo ni gemu!"

Akanionyesha. Kuna jamaa kajifunika kofia ya joho, anatembea nchi nzima akipigana na madude. Akifika kwenye kijiji kimoja cha mlimani anakaa, anapumzika, majeraha yanapona. Akiwa kijijini tu ndipo unapigwa huo muziki. Akitoka getini, umekwisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa na miziki yangu ya gemu (msicheke bado, mambo hayajafika). Nimeipa majina mwenyewe. Upo wa Theluji, huo ukipigwa navuta shuka hata kama jua linawaka. Upo wa Kuvuka Mto, huo nachambua nao maharage debe zima sijajua nimeanza lini. Na upo wa Kijijini. Huo ndio ulioniponza.

Niwaambie kwa nini. Tulipokuwa bado Mbozi kabla ya kuhamia huku mpakani, Mzee Yohana alikuwa na tabia ya kuguna akianika kahawa. Sauti hakuwa nayo. Alikuwa anaguna tu, anapanda kidogo, anashuka, anarudia, mpaka chanja imejaa. Sisemi muziki wa gemu ni ule wa kwake. Siyo. Lakini ukipigwa, nauona mkono wake unavyosambaza kahawa. Huu ni mwaka wa tisa tangu azikwe. Picha zake ninazo mbili tu, na zote kakunja uso. Muziki huu ndio unaoniletea Yohana asiyekunja uso.

Sasa Alhamisi Sekela ananiambia, "Bibi, ile mashine ya zamani nimeiuza. Mtu wa Kamsamba anaifuata Jumamosi saa sita."

"Na ule muziki wa Kijijini?"

"Unakwenda na mashine, bibi. Mpya haina gemu ile."

Jumamosi! Na Jumamosi, yaani leo, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na kazi kwenye shamba la kanisa, kupalilia maharage. Shamba la kanisa halikosi mtu. Anayekosa ni mgonjwa au mfiwa. Kundi la tatu halipo.

Mfiwa sikuwa. Basi jana nikampigia Rhoda Nakazwe. Wageni wa kundi hili mumjue: Rhoda ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Tumeolewa msimu mmoja wa mavuno, tumezaa pamoja, na Yohana alipokufa alilala sakafuni kwangu siku arobaini. Huyo ndiye niliyemdanganya.

"Rhoda, kesho mniache. Miguu."

"Miguu imefanya nini?"

"Imevimba." (Nilikuwa nimesimama juu yake nikikoroga uji.)

"Yote miwili?"

"Yote." (Ningesema mmoja, leo ningekuwa na pa kujitetea.)

"Pole, dada yangu. Usinyanyuke kabisa. Hata maji usichote."

Nikakata simu. Dhambi ilikuwa imekwenda vizuri kabisa.

Leo saa tatu asubuhi Sekela akafungua chumba. Akanikalisha kwenye benchi, akamtembeza yule jamaa mpaka kijijini, akamwacha amesimama karibu na kisima. Nje malori yamepanga foleni ya kuvuka, honi zinagombana, sisikii kitu. Sekela akanivalisha yale makopo ya masikioni, hedifoni. Akanipa na rimoti ya gemu mkononi.

"Bibi, kioo kikianza kuzima bonyeza hiki cha duara. Lakini hiki cha kidole gumba usikiguse. Ukikisukuma atatoka getini, na nje kuna madude."

Nikaapa sitagusa. Yeye akaenda sokoni kutafuta waya. Nikabaki mimi na kijiji.

Nikafumba macho.

Sasa, wenye umri wangu mnisikilize: mtu akivaa hedifoni hajui sauti yake mwenyewe imefika wapi. Mimi nilidhani naguna kidogo kidogo, kama marehemu. Kumbe nilikuwa nanguruma. Na machozi yanatoka, nayaacha yatoke, nani ananiona?

Haya yanayofuata nimesimuliwa baadaye.

Kule shambani Rhoda alishindwa kulima. Mstari wa kwanza tu akaweka jembe chini. "Enesi yuko peke yake na miguu imevimba yote miwili. Sisi tunapalilia maharage?" Wanawake wakaona haya. Wakaacha kazi. Wakapita kwa Rhoda, akakamata kuku wake anayetaga, akachinja. Wakapika, wakapakia na wali wa mchele wa Kamsamba kwenye hotpoti kubwa, wakaja kwa miguu (miguu yao ilikuwa mizima, kama yangu).

Wakabisha hodi nyumbani. Kimya. Wakaingia. Kitanda kitupu. Eliza Nambeye, katibu wetu, akaanza kulia, "Amepelekwa hospitali, tumechelewa!" Ndipo wakasikia chumba cha mbele kuna mtu anagumia kwa maumivu.

Ni mimi. Naimba.

Walinikuta hivi. Macho nimefumba. Uso umelowa. Nasema "mmmm, mmmmm" kama ng'ombe anayezaa. Na chini, hii ndiyo inayoniua, miguu yangu yote miwili inapiga mdundo sakafuni. Visigino, vidole. Visigino, vidole.

Lakini wao hawakutazama miguu. Wapenzi wa Mungu hao walitazama machozi. Wakaniita, siitiki. Wakapiga magoti kunizunguka. Mmoja akaniwekea mkono kichwani juu ya hedifoni, wengine wakashika miguu, wakaanza kuomba.

Mimi kule kijijini nikahisi kitu kinashika vifundo vyangu. Nikakumbuka madude.

Niliruka! Wenzangu, niliruka kama mbuzi, nikatua katikati ya chumba. Kwa miguu ile ile. Hedifoni ikachomoka kichwani. Nikafungua macho, naona vitenge saba.

"Amepona!" Eliza akapiga kelele. "Haleluya! Mmeona? Amesimama!"

Wakaanza vigelegele. Nje utingo wa lori akachungulia dirishani, akapiga makofi na yeye, hajui ni ya nini.

Naungama hapa mbele yenu. Nilifikiria kukubali. Ilikuwa imekaa tayari kabisa: mgonjwa, maombi, kuruka. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema "Asifiwe."

Lakini Rhoda hakupiga kigelegele. Alikuwa anaangalia miguu yangu. Mnaijua, ni myembamba kama mipini ya mwiko. Akaangalia rimoti mkononi. Akaangalia televisheni.

"Enesi. Miguu ilivimba saa ngapi?"

Nikaweka rimoti kwenye benchi.

"Haikuvimba," nikasema.

Nikawaeleza yote. Muziki, kijiji, mtu wa Kamsamba, saa sita. Nilikuwa nawaeleza wote saba lakini namtazama mmoja. Rhoda hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Yule kuku alikuwa ameanza kuatamia."

Nilitamani kuingia chini ya benchi. Nikamwambia, "Dada, nimekosa. Lakini sikiliza mwenyewe kidogo tu. Ukisikia utaelewa. Ni Yohana kabisa."

Kwa kuwa ni Rhoda, akaketi kwenye benchi, akajivalisha hedifoni juu ya kilemba. Akafumba macho kama nilivyomwelekeza. Nikashika mkono wake. Nikajiambia, sasa tutalia wawili, yaishe.

Sikujua kwamba niliporuka, kidole gumba kilisukuma kile kisichosukumwa. Jamaa wa watu alishatoka getini.

Rhoda akatulia. Uso ukalainika, nadhani alikuwa anasubiri. Halafu nikaona nyusi zinapanda.

"Mayo!" (Anauza karanga Nakonde, akishtuka anamwita mama kwa Kibemba.) Akang'oa hedifoni na kilemba vyote pamoja, akasimama juu ya benchi. Hata sisi tulisikia makelele yanayotoka humo, ngoma, mingurumo, kitu kinatafunwa.

"Enesi! Hayo ndiyo yanayokukumbusha Yohana?"

Hapo ndipo walipocheka. Alicheka Eliza Nambeye mpaka akakaa chini. Alicheka Tabitha Nankala, yule ambaye harusi yake nilisimamia. Alicheka Mama Sichone mkubwa na Mama Sichone mdogo. Walicheka Merina na Jenipha wa nyuma ya ghala, ambaye hata msibani kwa mama yake nilimshika mkono siku nzima. Rhoda peke yake hakucheka, alikuwa bado juu ya benchi.

Sekela akarudi na waya wake. Akaangalia kioo, jamaa kalala chali. "Bibi, umemuua! Kurudi kijijini ni saa nzima, tuanze kule chini kabisa." Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Mtu wa Kamsamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya watu wa Kamsamba, alifika kwa wakati. Akafunga mashine kwenye boksi la biskuti, akaondoka na kijiji changu. Rhoda hajakisikia mpaka sasa, na hatakisikia.

Kuku aliliwa. Kwetu chakula cha mgonjwa kikishaingia nyumbani mwake hakirudi, awe anaumwa au haumwi. Walikula wao, mimi nikinawisha mikono na kuokota mifupa. Niliachiwa shingo.

Wakati wanafunga vitenge kuondoka nikamvuta Eliza pembeni. Nilikuwa nimekumbuka kitu. "Katibu, ile orodha ya wagonjwa wa kuombewa kesho ibadani, jina langu uliliandika?"

"Nilishamtumia mchungaji jana usiku. Wewe ni wa kwanza."

"Basi nifutie, mama, nakuomba."

Eliza akamtazama Rhoda. Rhoda alikuwa mlangoni anafunga upya kilemba.

"Asifutwe," akasema. "Asomwe. Na akishasomwa asimame mbele atoe shukrani, kama tunavyosimama wote tukipona. Aliambie kanisa alikuwa anaumwa nini."

"Rhoda, dada yangu..."

"Nitakaa benchi la mbele," akasema. "Nikuwekee na wewe nafasi, usitembee mbali. Miguu yako tunaijua."

Akaenda. Kuniwekea nafasi maana yake amenisamehe, namfahamu. Lakini kunifuta hakunifuta.

Basi ni kesho, ibada ya kwanza. Mtakaokuwepo, majina yenu ninayo yote mpaka ya mama zenu: mchungaji akinisoma, tazameni vitabu vya nyimbo.